Kijiji cha Kokotoa na watoto wa Nyanda za Juu: historia fupi ya Ubongo

Jumamosi ya mwezi wa Juni, Mbeya haina haraka ya kuamka. Baridi iliyoshuka usiku kutoka Loleza bado imeng'ang'ania kwenye mabati, na huko Mwanjelwa jiko la mkaa linapepewa barazani kabla halijaingizwa ndani. Kwenye sebule moja wamejazana watoto wa nyumba tatu, wamevaa masweta, kwa kuwa hiyo ndiyo nyumba yenye runinga. Katika kioo kuna kijiji kiitwacho Kokotoa, na ndani ya kijiji hicho limetokea tatizo lisilotatuliwa bila hesabu. Aliye mkubwa ananyanyua vidole kuhesabu. Mdogo wake anakisia tu, kwa sauti kubwa.

Kokotoa hakipo kwenye ramani ya Tanzania. Kimechorwa Dar es Salaam na studio iitwayo Ubongo, ambayo imetimiza zaidi ya miaka 10 ikitengeneza katuni za kufundishia. Watu wanapozungumzia studio za katuni, macho huelekea Japani, nako kuna sababu. Lakini hapa nyumbani kuna historia inayostahili kusimuliwa kwa heshima ileile.

Ubongo ilianzishwa mwaka 2013 na watu watano: Nisha Ligon, Rajab Semtawa, Arnold Minde, na Cleng'a na Tom Ng'atigwa. Ligon, Mmarekani aliyesomea utengenezaji wa vipindi vya sayansi, alikuwa ameshaijua nchi kupitia filamu yake kuhusu Twiga Stars, timu ya taifa ya soka ya wanawake. Mwaka huo wenyewe haukuwa wa kawaida kwa elimu ya Tanzania. Mwezi Februari yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, na takribani watahiniwa 6 kati ya kila 10 walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Kwenye daladala na kwenye vijiwe vya kahawa kila mtu alikuwa na lake la kusema, na mara nyingi lawama ilimwangukia mwalimu.

Waanzilishi wa Ubongo walianzia mbali zaidi na kidato cha nne. Walianzia kwa mtoto wa shule ya msingi anayeiogopa hesabu. Januari 2014 kipindi chao cha kwanza, Ubongo Kids, kikaanza kuonekana TBC1. Hadithi moja, somo moja, wimbo mmoja. Wahusika wake wana majina ya mtaani: Baraka, Amani, Koba, Kiduchu, na Kibena, jina ambalo mtu wa Njombe au Mafinga hawezi kulisikia asigeuke. Mtazamaji aliulizwa swali na aliweza kutuma jibu kwa ujumbe mfupi wa simu, hata kwa ile simu ndogo ya tochi aliyonayo bibi.

Wakati huo Mbeya ilikuwa imetoka kuhamia matangazo ya dijitali. Matangazo ya analojia yalizimwa jijini humo mwaka 2013, antena za zamani zikawa vyuma tu juu ya paa, na familia zikaanza kununua ving'amuzi. Waliochelewa kununua walihamia kwa jirani, na watoto ndio waliotangulia.

Picha za kumfundisha Mwafrika si jambo la jana. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt aliongoza mradi wa filamu za mafunzo zilizozungushwa kwa gari katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki na Kati. Maamuzi ya nini kifundishwe yalikuwa mikononi mwa wageni. Miongo mingi baadaye, mwaka 2010, televisheni ya watoto ya BBC ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni nzuri kwa kweli, iliyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa uchoraji uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru. Ilitengenezwa kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Iringa aliyezoea kibanda umiza, ambako filamu za ng'ambo husimuliwa kwa Kiswahili juu kwa juu, katuni iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza ilikuwa jambo jipya.

Lakini katuni ya mfululizo hutengenezwaje kwa fedha kidogo? Hapo ndipo Japani inapofaa kuletwa. Tarehe 1 Januari 1963 studio ya Osamu Tezuka, Mushi Production, ilianza kurusha Tetsuwan Atomu, yule mtoto wa chuma ambaye dunia inamjua kwa jina la Astro Boy. Katuni ya kila wiki ilikuwa mzigo ambao bajeti ya televisheni haikuuweza, kwa hiyo Tezuka alipunguza michoro. Mwili ulitulia, mdomo ukatembea. Picha ya mtoto akiruka angani ilitunzwa na kutumika tena na tena. Mdomo wenyewe ulihitaji michoro mitatu tu: umefumba, uko nusu wazi, uko wazi. Mbinu hiyo iliishika tasnia nzima, ingawa baadaye Studio Ghibli, iliyoanzishwa 1985 na Hayao Miyazaki, Isao Takahata na Toshio Suzuki, ilijenga jina kwa kuchora kwa mkono bila kuuonea uvivu mchoro hata mmoja.

Midomo hiyo mitatu inamhusu pia Mswahili. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia na irabu. Ukisema "ka-ta-ka-na" au "ko-ko-to-a", mdomo unafunguka na kurudi kwa mwendo uleule wa ngoma. Mchoraji anayemfanya mhusika aongee Kiswahili ana bahati: a, e, i, o, u zinambebea sehemu kubwa ya kazi. Mtazame Kiduchu anapoimba, sauti ikiwa imezimwa, na bado utahisi kuwa anaongea lugha yako.

Picha za misimu ya mwanzo ya Ubongo Kids zilikuwa na ukakamavu. Mikono ilikunjika kama ya kikaragosi na watu walitembea kana kwamba ardhi inateleza. Mtoto hakujali, na alikuwa na haki, kwani Astro Boy naye alikuwa mkakamavu na Japani nzima ilimpenda. Hadithi ikishika, mchoro husamehewa.

Baadaye Ubongo iliwageukia watoto wadogo zaidi. Akili and Me ni kipindi cha watoto wa miaka 3 hadi 6. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala huingia Lala Land, anakokutana na simba mdogo, kiboko na komba, wakajifunza herufi, namba na maumbo. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwapima zaidi ya watoto 500 wa Morogoro, wengine wakitazama Akili and Me na wengine vipindi vingine. Katika matokeo aliyochapisha 2018, waliomtazama Akili walikuwa mbele katika kuchora, kutambua maumbo na namba, na hata katika Kiingereza. Hilo si jambo dogo kwa kitu ambacho wazazi wengi walikiita "kupoteza muda na katuni".

Vipindi vilivuka mpaka kwenda Kenya na Rwanda, vikatafsiriwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa, Kihausa na lugha nyingine. Serikali ilipofunga shule tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, Ubongo ilitoa vipindi vyake bure kwa vituo vya utangazaji, na masomo mengine yakafika kwa redio. Kwa vijiji vya Makete, Kilolo na milima ya Rungwe, redio ndiyo iliyokuwa na maana zaidi, maana katuni bila umeme ni hadithi ya jirani tu.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Nyanda za Juu wanaweza kulipima bila mtafiti. Mtoto wa huku mara nyingi hukua na Kisafwa, Kinyakyusa, Kikinga au Kihehe mdomoni, na darasa la kwanza linamdai Kiswahili cha kuhesabia: jumlisha, gawanya, sehemu, pembetatu. Maneno hayo hayapatikani shambani kwenye viazi. Kokotoa, kijiji ambacho jina lake lenyewe ni tendo la hesabu, humpa maneno hayo akiwa amekaa mkekani na kikombe cha uji.

Mzazi wa Uyole, wa Kihesa, wa Ipogolo: Jumamosi ijayo usiwaachie watoto runinga ukaenda zako. Kaa nao mpaka wimbo uishe, kisha muulize yule mdogo aliyekuwa akikisia kwa sauti amelipataje jibu.