Taksiri ya Moto katika Nyika ya Dodoma

Katika uwanda wa kati wa nchi yetu, kuanzia vilima vya Mpwapwa upande wa mashariki hata vichaka vya Itigi upande wa magharibi, mvua huanza mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, na kiasi chake mjini Dodoma aghalabu hakifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Kisha huingia kiangazi kirefu, ambamo upepo wa kutoka mashariki huvuma mchana kutwa juu ya majani yaliyokwisha kukauka, na nyika huwaka. Imewaka tangu dahari. Lakini desturi ya kumtafuta mwenye taksiri baada ya moto kupita, akatajwa mrina asali, au mchungaji, au mwindaji, au mkulima asafishaye shamba lake, na aliyemtaja akahesabiwa kuwa ametimiza dhamana yake, hiyo haina umri mkubwa. Ilianza na dola za kigeni, ikarithiwa na serikali zetu, na kwa rai yangu imetudhuru kuliko baadhi ya mioto yenyewe, kwa sababu imekikalia kiti kilichokuwa cha tadbiri.

Wagogo, kama walivyo Warangi wa Kondoa na Wanyaturu wa Singida, ni wafugaji na wakulima kwa pamoja, na maskani yao ya zamani yalikuwa yametawanyika, kila mwenye mji na tembe lake, na mashamba yake ya uwele na mtama yakiizunguka nyumba. Mwenye kulitazama tembe kwa makini ataona kwamba lilijengwa na watu walioufahamu moto: kuta fupi za miti iliyokandikwa udongo, na juu yake paa la bapa, magogo yakilazwa, kisha fito, kisha udongo mzito ulioshindiliwa hata cheche iliyochukuliwa na upepo isipate cha kula. Uani walilala ng'ombe, na ng'ombe hao walipotoka kila asubuhi waliyala majani ya kandokando, kwa hiyo ardhi iliyo karibu na watu ilikuwa daima na majani mafupi au haina majani kabisa.

Na huko mbali kidogo, moto ulitiwa kwa makusudi, ila kwa wakati wake. Mara baada ya mavuno, majani yakiwa yamekauka juu na bado yana ubichi chini, watu walingoja jioni, upepo ukitulia, wakawasha upande mmoja huku wengine wamesimama upande wa pili na matawi mabichi mikononi. Moshi ukapanda mweupe na mzito, moto ukatambaa chini chini, ukazimika wenyewe kwa umande wa usiku, ukaacha mabaka meusi yaliyochanganyika na mabaka yaliyosalimika. Majani machanga yakachipua kwa ajili ya mifugo. Mwezi wa Septemba, mrina asali alipoangusha kienge chake kwa bahati mbaya kutoka juu ya mti, kikaangukia kwenye majani makavu, moto huo haukuweza kwenda mbali, maana kila upande ulikutana na mahali palipokwisha kuungua. Sisemi kwamba zama hizo hazikuwa na maafa; nasema tu kwamba zilikuwa na tahadhari, na tahadhari hiyo ilikuwa ni kazi ya watu wengi wakaao juu ya ardhi yao pamoja na mifugo yao.

Watu hao na mifugo hiyo wakapatwa na nakama mbili katika muda wa miaka thelathini. Mwaka 1891 sotoka iliingia ikaangamiza ng'ombe kutoka kaskazini hata kusini, na penye ng'ombe elfu wakabaki wa kuhesabika. Kabla nchi haijapona sawasawa ikaja vita ya mwaka 1914, nayo Ugogo, kwa kuwa reli ya kati ilikuwa imekwisha fika Dodoma mwaka 1910, ikawa ghala la majeshi: Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi; na Kondoa ilipotwaliwa na Waingereza mwezi wa Aprili 1916 na Dodoma mwezi wa Julai, jeshi jipya nalo likadai vivyo hivyo kutoka kwa watu wale wale. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba ghalani wala mifugo ya kuuza, ikazuka njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyowachukua, kwa makadirio ya watawala wenyewe, takriban watu 30,000, yaani mmoja katika kila watano, na homa kubwa ya 1918 ikamalizia iliowakuta wamedhoofika.

Nimeikumbusha njaa hiyo katika habari za moto kwa sababu zina uhusiano ulio wazi. Penye watu waliokufa au kuhama hubaki mahame, na mahame huota majani, baada ya majani miiba, na baada ya miiba huja mbung'o, ambaye humzuia mfugaji asirudi hata akiwa hai na ana hamu ya kurudi. Hivyo ndivyo sehemu kubwa za Kondoa na Singida zilivyogeuka pori baada ya vita. Serikali ya Kiingereza ililikuta pori hilo likiwaka vikali kila mwisho wa kiangazi, nayo, badala ya kuuliza waliokuwa wakilichunga wamekwenda wapi, ikamshutumu mwenyeji kwamba kwa ujinga na uvivu wake anateketeza mali ya nchi. Sheria ya misitu ikatungwa mwaka 1921; na utawala wa watemi ulipothibitishwa kwa sheria ya 1926, chini ya Gavana Sir Donald Cameron, watemi wakatwikwa, miongoni mwa amri nyingi, ile ya kuzuia uchomaji wa majani. Mtemi asiyekamata watu alionekana mzembe, na mtu aliyekamatwa alitozwa faini. Fedha ya kufyeka njia za kukinga moto, walakini, wala posho ya wenye kuzilinda, haikuwa jambo lililomshughulisha mtawala.

Wakati huo huo, katika uwanda huo huo wa kati, aliyetia moto mkubwa kuliko wote alikuwa serikali. Charles Swynnerton, aliyekuwa Bwana Nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika na baadaye mkurugenzi wa uchunguzi wa mbung'o, alitambua kwamba moto wa mapema hauui vichaka. Kwa hiyo huko Shinyanga aliwaomba watemi wa Wasukuma wawazuie watu wao wasichome, majani yatunzwe hata yakauke barabara, kisha nchi nzima itiwe moto kwa pamoja mwisho wa kiangazi, upepo ukiwa mkali, ili vichaka viungue na mbung'o akose kivuli. Alikuwa mtaalamu hodari na mwenye kuwaheshimu wenyeji, naye alikufa katika ajali ya ndege karibu na Singida mwaka 1938 akiwa bado katika kazi hiyo. Simtaji kwa kumlaumu. Ila tafakari hali ya mkulima wa Ugogo: ndugu zake wa Shinyanga wanaagizwa wachome Oktoba kwa jina la elimu, yeye anatozwa faini kwa kuchoma Juni kama alivyofundishwa na babu yake, na yote mawili yanatoka kwa serikali moja. Si ajabu basi kwamba watu wakajifunza kuwasha kwa siri na kukimbia, na moto uliowashwa kwa siri hauna mtu wa kusimama kando yake na tawi bichi.

Uhuru ulikuja na nia njema, wala hakuna mtu wa insafu atakayeikana. Lakini mambo manne yalifuatana upesi. Mwaka 1963 utemi ukafutwa, na pamoja nao zikafutika amri za watemi, mbaya na nzuri. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ikawahamisha wenye matembe yaliyotawanyika kuwaingiza vijijini, ambako walipata kisima, shule na zahanati kwa urahisi zaidi, na nyuma yao wakaacha tena mahame, ambayo safari hii hayakufanywa na njaa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa na madaraka kupelekwa mikoani, zisirudi mpaka miaka ya themanini. Na mwaka 1973, mwaka ule ule chama tawala kilipoamua kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, uliosaidiwa kwa fedha za Sweden, kuyatibu makorongo ya Kondoa.

Hapo Kondoa ndipo penye fundisho. Mmomonyoko ulikuwa wa kutisha kweli, na aliyebebeshwa lawama alikuwa mfugaji. Mwaka 1979 mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, ikaamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yakarudi kwa uzuri uliowashangaza wageni. Lakini majani marefu yasiyoliwa na mnyama yeyote ni kuni, na mradi uliomwondoa mlaji wake ukalazimika kuweka walinzi, kupiga moto marufuku na kuwasaka wachomaji. Kwa muda fedha zilipokuwapo walinzi walikuwapo. Fedha za wafadhili zina mwisho. Kiangazi cha Kondoa hurudi kila mwaka.

Mlima wa Kilimanjaro ulipoungua kuanzia tarehe 11 Oktoba 2020, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, niliiona desturi hii ya zamani ikirejea mbele ya macho ya ulimwengu. Moto ulianzia Whona, kwenye njia ya wapandaji kati ya Mandara na Horombo, ukala zaidi ya kilomita za mraba 90, ukapiganwa na askari wa TANAPA, wanafunzi wa chuo cha Mweka na mamia ya wananchi waliopanda kwa miguu na mapanga na matawi. Mara watu wakagawanyika: wengine wakamtafuta aliyewasha jiko, wengine wakauliza ndege za kuzima moto ziko wapi. Maswali yote mawili ni halali, na yote mawili yanahusu Oktoba. Ureno nao waliuliza hivyo mwaka 2017. Mwezi wa Juni moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66, na ulipotokea mwingine Oktoba waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu, nao wana ndege. Vijana walikuwa wamehamia mijini miaka mingi kabla, mashamba ya wazee yakageuka vichaka na mikaratusi, na hapakuwa na mbuzi wa kuvila.

Sheria tunazo. Sheria ya Misitu ya 2002 inamtaka mwenye kuchoma apate kibali na awaarifu jirani zake. Sheria ya menejimenti ya maafa iliyotungwa mwaka 2022 inaunda kamati tangu taifa hata kijiji. Na mfano mwema tunao hapa hapa uwandani: msitu wa Mgori, Singida, wenye zaidi ya hekta 40,000, uliokabidhiwa vijiji vitano katikati ya miaka ya tisini, vikachagua walinzi wao, vikajitungia sheria ndogo, na moto, pamoja na ukataji wa magendo, ukapungua, kwa kuwa mwenye kuuona moshi alikuwa ndiye mwenye mali.

Kinachokosekana ni fedha kufika kwa wakati, na mushkeli huu unatengenezwa Dodoma penyewe. Bunge la bajeti huketi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Moto wa mapema unatakiwa utiwe Mei na Juni, yaani katika miezi ile ambayo kasma za mwaka unaokwisha zimekauka na za mwaka mpya hazijapitishwa. Mpaka halmashauri ya Manyoni au Chemba ipokee mgawo wake wa kwanza, uwele umekwisha pigwa, majani yamekwisha kuwa makavu, na kibali cha kuchoma wakati huo ni kibali cha maafa. Mbunge anayesimama Novemba kumshutumu waziri kwa moto wa Oktoba alikuwa na nafasi ya kusema mwezi wa Mei, akiwa katika ukumbi huo huo, wakati majani ya vilima vinavyouzunguka mji yalikuwa bado yana ubichi. Naomba jambo moja lililo jepesi kutajwa: kila halmashauri ya uwanda huu itengewe fungu dogo lisilohamishika, litolewe kabla ya tarehe 15 Mei, la kulipia ufyekaji wa njia za kukinga moto na posho za kamati za vijiji, na vibali vya kuchoma viandikwe kijijini na mwenyekiti pamoja na bwana misitu, si kufuatwa wilayani kwa nauli ya mkulima.