Gazeti Lililoitwa Jiko la Sumu

Leo tutazame Münchener Post, gazeti la kila siku la Wasoshalisti wa mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 1921, Hitler akiwa bado hana cheo serikalini, lilichapa karatasi ya wapinzani wake wa chama kile kile, iliyouliza: anapata wapi fedha za kuishi? Swali dogo, lakini lilimchoma. Gazeti akaliita jiko la sumu. Novemba 1923, alipojaribu kunyakua serikali, watu wake waliivamia ofisi wakavunja vyombo. Gazeti likatoka tena, likazidi kufichua siri zake. Machi 9, 1933, wakarudi. Safari hii serikali ilikuwa mikononi mwao, na gazeti halikutoka tena.