Aulizaye Njia

Wahenga walinena kwamba aulizaye njia hapotei. Mwaka 1988, Van Jacobson, mtafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, aliandika programu iliyofanya hivyo hasa: traceroute, mfuatilia njia wa intaneti.

Kila kifurushi cha data hubeba namba inayopunguzwa moja katika kila kituo kinachokipitisha. Namba ikifika sifuri, kituo hukitupa kifurushi na kumwarifu aliyekituma. Basi programu hutuma kifurushi chenye moja, kisha mbili, kisha tatu, na vituo hujitaja kwa zamu. Vingine hunyamaza, lakini vya mbele yao vikijibu, njia haijakatika.

Watu wa Makambako, mji uliopo njia panda ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam, hawahitaji kufundishwa kwamba basi likichelewa, kosa laweza kuwa mbali na stendi. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilipozorota nchini. Mkoani Njombe wengi waliweza kuishuku simu, vocha au mnara, ilhali nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimepata hitilafu chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Sisi husema tu, "Mtandao unasumbua." Neno hilo moja hubeba simu, mnara, mkongo na bahari. Kabla ya kumlaumu fundi wa jirani, yafaa tuulize: unasumbua kituo gani?