Himila, hamali na mazoezi: Nani hupumzika, nani hubeba?

Nesi wa kliniki ya wajawazito akisema, "Mama, usikae tu, fanya mazoezi," ushauri huo ni mmoja, ila masikio ni mengi. Mkaazi wa Malindi mjini anayeshinda dukani ataupokea vizuri. Mwenzake wa Ganze, aliyekwisha kuteka maji na kuokota kuni kabla jua halijachomoza, huenda akacheka kimoyomoyo. Kicheko hicho kina historia, na sehemu ya historia hiyo imo katika maneno yetu.

Tuanze na himila, jina la heshima la mimba. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kubeba. Mzizi uo huo ndio uliotupa hamali, yaani mchukuzi wa mizigo, pamoja na himili na stahamili. Katika msamiati, basi, mja mzito na hamali ni ndugu.

Katika Pwani ya karne ya 19, udugu huo haukuwa wa wanawake wote. Malindi ilipofufuliwa miaka ya 1860, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa na watumwa, wake kwa waume. Bibi wa kiungwana yeye alitawa: alikaa ndani, asionekane ovyo, na kazi za sulubu zikafanywa na wengine. Mjakazi alishika jembe, na mtoto aliyezaliwa utumwani akaitwa mzalia. Hivyo kupumzika kukawa hadhi, na jasho likawa alama ya unyonge.

Sheria ilikomesha utumwa mwaka wa 1907, lakini mizani ya heshima haifutwi kwa sheria. Hata leo yupo mavyaa anayemwambia mkaza mwanawe, "Keti mwanangu, usijisumbue," akidhani kutulia tuli ndiko kutunzwa.

Wataalamu nao wamebadili kauli. Mwaka wa 1985 chama cha madaktari wa uzazi nchini Marekani kilishauri kwamba moyo wa mjamzito anayefanya mazoezi usizidi mapigo 140 kwa dakika. Mwaka wa 1994 kikauondoa mpaka huo. Mnamo 2020 Shirika la Afya Duniani likapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za kiasi, kama vile kutembea kwa kasi, kwa mjamzito asiye na tatizo la kiafya linalomzuia. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano.

Kiasi ndilo neno la kushika hapo. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na njia ya kisimani haina siku ya mapumziko. Mazoezi yanatokana na zoea: ni jambo unalouzoeza mwili pole pole, kwa hiari, na kuliacha mwili unapokataa. Mwenye kizunguzungu au anayetokwa na damu huacha mara moja, akaenda hospitali. Anayesubiriwa na watoto wenye kiu huwa hana hiari hiyo. Huyo ni hamali, si mfanya mazoezi.

Kwa hiyo mmoja ahimizwe kuinuka, na mwingine apunguziwe mzigo. Kabla ya kumwambia mja mzito wa Ganze afanye mazoezi, tumuulize kwanza: mama, mtungi huo utabebewa na nani?