Hekalu la Hiroshima wanakoombewa watoto

Gokoku ni hekalu la dini ya Shinto katika mji wa Hiroshima, nchini Japani. Lilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Lakini leo familia nyingi za mji huo huenda pale kuombea watoto wao.

Mtoto hupelekwa hekaluni kwanza akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Baadaye kuna sikukuu iitwayo Shichi-Go-San, maana yake Saba-Tano-Tatu, ambayo siku yake ni tarehe 15 Novemba. Wasichana huletwa wakiwa na miaka 3 na tena 7, wavulana wakiwa na miaka 5. Huvikwa kimono, kuhani huwaombea, kisha hupewa peremende ndefu, ishara ya kutakiwa maisha marefu. Desturi hii ilianza zamani, wakati watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka 7. Mzazi aliyefikisha mtoto umri huo alikuwa na sababu ya kushukuru.

Habari hii inatugusa sisi wa Likasi. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangushwa juu ya Hiroshima. Hekalu liliharibiwa kabisa, ila lango lake la mawe lilibaki limesimama. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, na kati yao watoto wengi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Jadotville. Mpango wa bomu ulikuwa siri. Wazee wetu walichimba bila kujua mawe yale yangefanya nini.

Mwaka 1956 hekalu lilijengwa upya kwenye eneo la ngome ya zamani, na wazazi wakaleta tena watoto.

Sisi hatuombi kwa miungu ya Shinto. Tunamwomba Mungu Baba kwa jina la Yesu Kristo. Hata hivyo, hofu ya mzazi tunaijua. Hana alimpeleka Samweli Shilo (1 Samweli 1), na Yosefu na Maria walimpeleka Yesu hekaluni (Luka 2). Nasi huleta watoto wetu mbele ya kanisa, huku wengi wao wakikua kando ya migodi. Basi, wapendwa, siku ya kuwabariki, tuwaombee pia watoto wa Hiroshima.