Saa sita ya Dodoma ni saa ngapi?

Mwaka jana, tarehe 5 Machi, nilikuwa nimesimama Nyerere Square pale Dodoma nikimsubiri mtu wa kunipa habari. Simu ilikuwa inasoma saa 6:49 mchana. Nikaangalia chini, sina kivuli! Jua lilikuwa limesimama utosini kabisa. Sasa, tangu shule ya msingi nimeambiwa jua la utosi ni saa sita. Hizi dakika 49 zimetoka wapi?

Ikabidi nirudi kwenye jiografia ya sekondari. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 1 kila dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki iko masaa 3 mbele ya Greenwich, kwa hiyo imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 Mashariki. Wadau, chukueni ramani muutafute mstari huo. Unapita Somalia, karibu na Mogadishu. Tanzania hauigusi hata kidogo.

Dodoma iko nyuzi 35.7 hivi. Pengo hilo ni kama dakika 37. Dakika 12 zilizobaki ni za msimu: njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama, kwa hiyo jua mara linawahi, mara linachelewa. Likirudi utosini mwa Dodoma, karibu na tarehe 9 Oktoba, itakuwa kama saa 6:25.

Kupata longitudo hakukuwa kazi rahisi. Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857, latitudo haikuwasumbua sana. Unapima kimo cha jua au nyota inapofika juu kabisa. Longitudo inataka ujue pia saa ya mahali pengine muda huo huo, na saa zao zikawaharibikia safarini. Wakabaki kupima umbali wa mwezi na nyota, huku wakihesabu sekunde kwa risasi iliyoning'inizwa kwenye kamba. Na kupita huko walilipa hongo kwa wakuu wa Wagogo. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa njia, siyo hii ya leo ya chini ya meza. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikikatiza nchi hiyo hiyo kwenda pwani na kurudi, bila kuuliza Greenwich iko wapi.

Halafu ikaja Oktoba 1884. Nchi 25 zilikutana Washington kuamua mstari wa sifuri upite wapi. Nchi ya Kiafrika mezani ilikuwa Liberia peke yake. 22 zikaichagua Greenwich, San Domingo ikakataa, Ufaransa na Brazil hazikupiga kura. Mwezi uliofuata ukafunguliwa Mkutano wa Berlin, na mwezi huo huo Carl Peters alikuwa Usagara, mashariki tu ya Ugogo, akiwasainisha watemi mikataba yake. Ndani ya miezi miwili saa na ardhi vyote vikawa vimewekwa kwenye meza za watu wengine.

Siwalaumu kwa kila kitu. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, treni isingeweza kubadili saa kila stesheni. Jua la Kigoma liko nyuma ya la Dar kwa dakika 39 hivi. Nchi inahitaji saa moja.

Lakini kuna walioendelea kulifuata jua la hapa hapa. Adhuhuri huingia jua likishapinduka utosini, na Dodoma hilo hutokea kama dakika 14 baada ya Dar. Aliyewahi kufunga Ramadhani Dodoma anajua, ukifuturu kwa adhana ya redio ya Dar umejiharibia saumu yako.

Sisemi tubadilishe saa. Ila mara ngapi nimeandika kwenye habari zangu "saa sita kamili mchana" kama vile ni amri ya mbinguni! Kumbe ni makubaliano ya watu, na sisi hatukuwepo.

Kama uko Dodoma Machi ijayo, chomeka kijiti ardhini wima, usubiri kivuli kiishe. Hapo ndipo saa sita yenyewe.