Neno moja la Kiingereza, njia tatu za Kinorwei: Kwa nini kamusi peke yake haitoshi

Kiingereza na Kinorwei ni lugha za ukoo mmoja. Nyumba kwa Kiingereza ni "house", kwa Kinorwei ni "hus". Mkono ni "hand" na "hånd". Kwa sababu ya kufanana huku, wengi hudhani kwamba kutafsiri kati ya lugha hizi ni kazi ya kubadilisha neno kwa neno. Wafasiri wanajua kwamba sivyo. Mara nyingi kinachowasumbua ni maneno madogo ya kila siku yenye maana nyingi, pamoja na misemo.

Katika makala hii tunaeleza ugumu huo unatoka wapi, unaweza kuleta hasara gani, na kwa nini unawahusu pia wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Norwei.

Kiingereza kinanyamaza, Kinorwei kinauliza

Tuanze na kitenzi "know". Kwa Kinorwei, kujua habari au ukweli fulani ni "vite". Kumfahamu mtu ni "kjenne". Kujua kufanya jambo, au kujua lugha, ni "kunne". Mfasiri hawezi kuandika lolote kati ya hayo kabla ya kuelewa ni ujuzi wa aina gani unaozungumzwa.

Mfano mgumu zaidi ni "think". Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba anafikiri filamu fulani ni nzuri, sentensi yake haielezi kama ameiona. Kinorwei hakimruhusu mfasiri kuliacha jambo hilo wazi. Kama msemaji ameiona filamu na anatoa maoni yake, kitenzi ni "synes". Kama hajaiona na anakisia tu, ni "tro". Akichagua vibaya, mfasiri anakuwa amesema jambo ambalo mwenyewe hakulisema.

Hali ni hiyo hiyo kwa neno "you". Mfasiri lazima aamue kama ni "du", yaani wewe, au "dere", yaani ninyi. Na "grandmother" anaweza kuwa "mormor", bibi mzaa mama, au "farmor", bibi mzaa baba. Lipo neno la jumla, "bestemor", lakini katika familia zilizozoea kutofautisha, neno hilo halitoshi. Ndiyo maana mfasiri wa riwaya anaweza kulazimika kusoma kurasa nyingi mbele ili ajue bibi huyo ni wa upande gani kabla ya kuandika neno moja.

Pale kosa linapogharimu

Katika riwaya, kosa la aina hii humkwaza msomaji. Hospitalini, mahakamani au katika chumba cha habari, linaweza kuleta madhara makubwa zaidi.

Neno "drug" kwa Kiingereza linaweza kumaanisha dawa ya kutibu au dawa ya kulevya. Kinorwei kinatenganisha: "legemiddel" ni dawa ya tiba, "narkotika" ni dawa za kulevya. Mgonjwa anayemeza vidonge vya shinikizo la damu kila siku anaweza kuandikwa kama mtumiaji wa dawa za kulevya kwa sababu ya neno moja lililochaguliwa bila kuangalia muktadha.

Katika habari za mahakama, neno "charged" lina mtego wake. Sheria ya Norwei inatofautisha hatua mbili. Mtu aliye "siktet" ametajwa rasmi kuwa anatuhumiwa na uchunguzi unaendelea. Aliye "tiltalt" ameshatolewa hati ya mashtaka na kesi yake inapelekwa mahakamani. Mwandishi wa habari anayetafsiri taarifa ya shirika la habari la kigeni lazima kwanza ajue kesi imefika wapi. Akikosea, anamsogeza mtu hatua moja karibu na kizimba.

Namba nazo hudanganya. "Billion" ya Kiingereza cha leo ni milioni elfu moja, sawa na bilioni yetu ya Kiswahili. Kwa Kinorwei kiasi hicho huitwa "milliard". Neno "billion" lipo kwa Kinorwei, lakini maana yake ni milioni mara milioni. Anayeliacha kama lilivyo katika habari za bajeti anaongeza kiasi mara 1,000.

Umbali pia una mtego. Maili 10 za Kiingereza ni takriban kilomita 16. "Mil" moja ya Kinorwei ni kilomita 10, kwa hiyo "ti mil" ni kilomita 100.

Hata saa ina mtego. Mwingereza akisema "half seven" anamaanisha saa moja na nusu. Mnorwei akisema "halv sju" anamaanisha saa kumi na mbili na nusu. Anayetafsiri neno kwa neno atafika saa nzima kabla ya mwenzake.

Maneno yanayofanana sura

Kundi jingine ni maneno yanayofanana kwa sura lakini si kwa maana. "Gift" kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kinorwei ni sumu, na neno hilo hilo humaanisha pia mtu aliyeoa au aliyeolewa. "Barn" kwa Kiingereza ni ghala la shambani, kwa Kinorwei ni mtoto. "Eventually" ni hatimaye, lakini "eventuelt" ni ikibidi au pengine. Taarifa ya daktari inayosema kwamba mgonjwa hatimaye atahitaji upasuaji inageuka kuwa pengine atauhitaji.

Misemo: maana kwanza, picha baadaye

Msemo hautafsiriwi kwa maneno yake. Mfasiri hujiuliza kwanza unafanya kazi gani katika mazungumzo, kisha hutafuta unaofanya kazi hiyo katika lugha ya pili.

Mwingereza anayenunua kitu bila kukiona amenunua nguruwe ndani ya gunia. Mnorwei amenunua paka ndani ya gunia. Sisi tunasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia ni lile lile, mnyama amebadilika. Mwingereza huua ndege wawili kwa jiwe moja, Mnorwei hupiga nzi wawili kwa pigo moja. Anayezungukazunguka bila kusema jambo lenyewe, kwa Mwingereza anapigapiga kandokando ya kichaka. Kwa Mnorwei anatembea kama paka anayezunguka uji wa moto.

Baadhi ya misemo huingia kwa mlango wa nyuma. Kwa Kiingereza, "take place" ni kufanyika. Baadhi ya Wanorwei husema "ta plass" kwa maana hiyo, ingawa kwa kawaida "ta plass" ni kukaa kwenye kiti. Namna sahihi iliyozoeleka ni "finne sted".

Kazi hii hufanyika hadharani. Norwei haina desturi ya kuweka sauti za Kinorwei kwenye filamu za watu wazima. Tafsiri huandikwa chini ya picha, kwa kawaida katika mistari isiyozidi miwili. Mtazamaji anasikia Kiingereza, anasoma Kinorwei, na wengi wanazijua lugha zote mbili. Kosa huonekana papo hapo.

Wazungumzaji wa Kiswahili wanahusikaje?

Norwei imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na baadhi yao huzungumza Kiswahili. Wengi wanaojifunza Kinorwei hupitia Kiingereza, kwa kamusi au programu ya simu, na huko katikati maana hupotea. Kiswahili kinasema "ninyi", Kiingereza kinasema "you", na Kinorwei kinaweza kutoka "du". Tofauti iliyokuwepo mwanzoni, na ambayo Kinorwei pia kinayo, imefutwa njiani.

Kwa mambo mazito, sheria ipo. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria ya wakalimani ya Norwei inazitaka taasisi za umma kutumia mkalimani mwenye sifa pale inapohitajika kwa ajili ya haki za mtu au kwa msaada na huduma inayostahili. Kwa kawaida hairuhusiwi kumtumia mtoto kuwa mkalimani wa wazazi wake.

Kwa matumizi ya kila siku, tunapendekeza mambo matatu. Usitafute neno peke yake, tafuta sentensi nzima. Ukipata jibu, lihakiki katika Bokmålsordboka au Nynorskordboka, kamusi za Kinorwei kwa Kinorwei zinazopatikana bure kwenye intaneti, kwa sababu zinaonyesha neno likitumika. Na unapokuwa mbele ya daktari, polisi au mwajiri, uliza swali ambalo kila mfasiri mzuri huuliza: unamaanisha ipi?